Mgonjwa Asiyesalimiwa

Katika boma la Gladwell Gatwiri, nje kidogo ya soko la Manyatta, kuna mlango mmoja wa magunia ambao mgeni hapiti. Ukiufikia na kupiga hodi kwa sauti, Gatwiri hutoka akiwa ameweka kidole mdomoni, akakutazama kama nesi aliyekufumania wodini baada ya muda wa kuona wagonjwa kwisha, kisha akakunong'oneza: "Hapa hatusalimii mgonjwa."

Kwa watu wa upande huu wa Embu, maneno hayo yanakaribia matusi. Hapa mtu akilazwa, hata kama ni jino tu linalomsumbua, majirani humwendea kwa makundi, na chupa za chai, na sufuria ya mukimo wa viazi iliyofunikwa kwa kitambaa, na wimbo, na sala ndefu inayowataja jamaa zake wote hadi walioko ng'ambo. Mgonjwa asiyetembelewa ni mgonjwa aliyetupwa. Gatwiri anaijua desturi hiyo na anaiheshimu. Wodi alizopelekea chai ni nyingi kuliko zangu. Lakini wagonjwa anaowahifadhi nyuma ya magunia ni ndege wa porini, na ndege wa porini akisalimiwa kupita kiasi hufa kifo kisicho na maiti. Anaendelea kula, anaendelea kutembea, ila hawezi tena kuishi kwao. Nitasimulia jinsi kijiji kizima kilivyojifunza jambo hilo kwa korongo mmoja, kwa sababu nimechoka kusikia Gatwiri akiitwa mwanamke aliyekosa kazi ya kufanya.

Kazi hajawahi kuikosa. Tulisoma pamoja katika shule ya bweni mjini Meru, naye alikuwa ametoka Kangeta, katika familia ya wakulima wa miraa. Alijua kufunga miraa kabla hajajua kuandika jina lake: unavipanga vijiti, unavizungushia kamba ya mgomba kwa mkazo unaovishika bila kuvichubua, unavifunika kwa jani visinyauke. Baadaye alisomea kufunga binadamu. Miaka yake mingi aliimaliza katika chumba cha plasta cha hospitali moja, akinyoosha mikono ya watoto walioanguka kutoka miparachichini na miguu ya waendesha bodaboda, hadi mgongo ulipomlazimisha kustaafu mapema. Mume wake, Gichovi, baba wa mtoto wao Kendi, ni karani wa kituo cha kununulia majani chai hapo Manyatta, mwanamume mpole anayependa watu na soga kuliko anavyopenda kulala.

Ndege wa kwanza aliletwa hospitalini kwa mzaha. Alikuwa kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayetuamsha kwa kelele zake, naye alikuwa amevunjika mguu. Wenzake kazini walitaka kucheka kidogo kabla ya chakula cha mchana. Gatwiri aliufunga ule mguu, kwarara akapona, akaruka, na vicheko vikaisha. Tangu hapo hakupumzika. Watu waliendelea kumletea ndege, na hata maafisa wa wanyamapori, baada ya kumpa kibali, wakawa wanamletea wale ambao wao wenyewe hawakuwa na mahali pa kuwaweka.

Sasa nije kwa korongo.

Mzee Kivuti hulima nduma, yaani majimbi, bondeni, kando ya kinamasi ambacho jozi moja ya korongo-taji imekuwa ikikitumia kutagia mayai. Korongo-taji ni yule ndege mrefu wa kijivu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambaye hutembea na mwenziwe mmoja mwaka baada ya mwaka, mbele na nyuma, kama wazee wanaokwenda kanisani. Mvua ya mawe ilipoyachana majani ya nduma, Mzee Kivuti alimkuta jike amelala katikati ya shamba, bawa likiwa limeteguka. Dume lilikuwa limesimama ng'ambo ya maji likiita.

Mzee Kivuti ni mtu mwema. Alivua koti lake, akamfunika ndege, akambeba hadi nyumbani, kisha akafanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya akimleta kuku mpya kutoka sokoni: alimfunga mguu kwa kamba ya katani, akaifunga kamba kwenye nguzo ya ghala, ili mgeni azoee boma na asirudi alikotoka. Korongo hakuzoea. Alipigana na kamba mpaka kulipokucha, na Gatwiri alipoitwa, mguu ambao mvua ya mawe haikuugusa ulikuwa umevunjika.

"Mzee, hii kamba ni ya nini?"

"Si izoee nyumbani, Mama Kendi. Ningeiacha hivyo, ingerudi kwa maji."

"Huko kwa maji ndiko nyumbani kwake."

"Kwani wewe kuku ukinunua huifungi?"

"Kuku alizaliwa chini ya kitanda cha mtu, Mzee. Huyu hajawahi kuona kitanda."

Mzee Kivuti aliitazama ile kamba. "Basi mimi ndiye nimemvunja."

"Ulitaka kumsaidia. Shika hapa, chini ya kifua, na usibane. Huyu hupumua kwa kifua chote."

Alimbeba hadi nyumbani kwake akiwa amemfunika kichwa. Alikata kipande cha plastiki kutoka kwenye mtungi wa zamani, akakipasha moto hadi kikakubali kupinda, akakilaza kwa pamba kandokando ya mguu. Bawa alilifunga kwa nyuzi laini za mgomba, kwa sababu plasta ya kunata hung'oa manyoya, na mkono wake haukuwa umesahau ule mkazo wa Kangeta. Kisha akachukua leso kuukuu, akaitoboa matundu mawili ya miguu, akaining'iniza kwenye mti wa paa la kibanda, korongo akakaa ndani yake kama mtoto mgongoni, vidole vikigusa ardhi bila kubeba mwili.

Baada ya hapo Gatwiri alivaa gunia. Simaanishi fumbo lolote. Alilitoboa gunia matundu ya macho, akalivaa kutoka kichwani hadi magotini, na hakuna siku aliyoingia katika kibanda kile bila hilo gunia, wala hakutamka neno humo ndani. Chakula alikisukuma kwa fimbo, wadudu na mbegu na viazi vilivyopondwa, ili ndege asihusishe shibe yake na uso wa mtu.

"Nilipokuoa nilidhani nimeoa mwanamke," Gichovi alimwambia siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Kumbe ni shehena ya viazi."

"Baba Kendi, nyamaza, anasikia."

"Anasikia nini? Kimeru ama Kiembu?"

"Anasikia mtu."

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Katika barabara ya kwenda Meru kuna bustani ya harusi ya Bwana Mutwiri, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na korongo-taji wanaotembea katikati ya meza. Maharusi hupigwa picha nao. Sisi wenye shahada na magari tumekaa pale, tumekula pilau, tumesema "tazama walivyo warembo", na hakuna aliyeinuka kuuliza ni kwa nini ndege wenye mabawa mapana hivyo hawaruki. Hawaruki kwa sababu manyoya yao ya kurukia yamekatwa kwa mkasi. Mmoja wao alikuwa ameuawa na mbwa, kwa kuwa ndege asiyeruka hana pengine pa kukimbilia, na Bwana Mutwiri alikuwa akitafuta wa kujaza nafasi. Habari za Gatwiri zilipomfikia, alikuja mwenyewe.

"Madamu, wacha nikusaidie huo mzigo," alisema, akiwa ameegemea gari lake. "Kwangu kuna nyasi, kuna maji, kuna mtu wa kumlisha."

"Kwao pia kuna nyasi na maji. Na ana mume."

Bwana Mutwiri alicheka hadi akashika tumbo. "Mume! Madamu wewe ni mcheshi. Haya. Mtibu. Lakini akizoea watu, kinamasi hakitamtaka tena, na wewe mwenyewe utanipigia simu nije nimchukue kabla mbwa hawajamla."

Jambo lililomkera Gatwiri zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa amesema kweli. Korongo anayemwendea binadamu hawezi kurudishwa kinamasini; mtu wa kwanza mwenye mahindi mkononi atamkamata. Kwa hiyo mambo mawili yalihitajika: mguu na bawa vipone, na woga wa ndege ubaki mzima. Tena yote yafanyike kabla ya mvua za masika, wakati korongo hutaga. Dume lilikuwa bado linakuja kila asubuhi kuita kando ya nduma za Mzee Kivuti. Hakuna aliyejua litasubiri hadi lini.

Mguu uliunga vizuri. Siku Gatwiri alipoitoa ile leso na zile nyuzi za bawa, na korongo kusimama peke yake, ndiyo siku aliyopigiwa simu kutoka Kangeta: mama yake ameanguka, amelazwa. Alifunga mkoba. Gunia alilitundika kwenye msumari wa mlango, akamwonyesha mume wake.

"Unaingia na hili. Husemi kitu. Unaweka chakula, unatoka. Mtu yeyote asiingie. Umenisikia, Baba Kendi? Yeyote."

"Nimesikia. Mimi na gunia ni kitu kimoja."

Alikaa Kangeta hadi mama yake alipoweza kutembea tena kwa mkongojo. Gichovi alimpigia kila jioni na kumwambia mgonjwa anaendelea vizuri sana, na kila mara sauti yake ilikuwa na furaha zaidi kidogo kuliko ilivyostahili.

Kilichotokea ni hiki. Akina mama wa kikundi cha kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti wao Njoki, walisikia kwamba Gatwiri ana mgonjwa Kangeta na mgonjwa mwingine hapo nyumbani. Kangeta ilikuwa mbali. Wakaja kumwona aliye karibu. Walikuja wote, na leso zao za sare, na chupa za chai, na githeri ya mahindi na maharagwe, na Gichovi, ambaye hajawahi kumfukuza mtu mlangoni tangu azaliwe, aliwaambia kwamba mgonjwa haonekani.

"Haonekani kwani amekufa?" Njoki aliuliza.

"Hapana, Mama Mwenyekiti, yuko, ila Mama Kendi alisema..."

"Baba Kendi, tumepanda huu mlima na sufuria kichwani. Unataka turudi tuseme hatukumwona mgonjwa? Kanisani tutasema nini?"

Akawafungulia. Waliimba wimbo wao wa kuona wagonjwa, ule wenye makofi, na korongo, ambaye alikuwa na upweke ambao sisi hatuwezi kuupima, aliinua kichwa. Wakamtupia punje za mahindi kutoka kwenye githeri. Akala. Njoki akampa mkononi. Akala. Wakarudi kesho yake, na siku iliyofuata, kwa sababu mgonjwa anayekula mbele yako ni furaha kubwa, na kwa sababu walikuwa wanamtunzia dada yao aliyekuwa mbali akimuuguza mama yake. Wakampiga picha, wakazituma katika kundi lao la simu, na kutoka hapo zikasambaa kila mahali.

Nilikuwa nimemleta Gatwiri kutoka Kangeta kwa gari langu, kwa hiyo nilikuwepo aliporudi. Akina mama walikuwa wamejipanga mlangoni pa magunia kumpokea. Njoki alifungua mlango kwa madaha, akaanzisha wimbo, na korongo-taji akatoka mbio, shingo mbele, akasimama katikati yao. Aliinama. Aliruka juu na kufungua mabawa, bawa lililokuwa limeteguka likiwa zima kama lile la pili. Alicheza ngoma ya korongo, ile ambayo hukusudiwa mwenziwe kinamasini, akaicheza mbele ya wanawake wa leso, kisha akaanza kudonoa vifungo vya sweta ya Gatwiri akitafuta mahindi.

"Umeona?" Njoki alisema, machozi yakimlengalenga. "Tumekulindia mgonjwa wako. Amepona, anatujua wote."

Gatwiri alimpita Njoki. Aliangalia gunia lililotundikwa kwenye msumari, likiwa na vumbi. Kisha akamwangalia mume wake, na Gichovi akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Mmemuua," alisema hatimaye.

"Nani? Sisi? Na anacheza hivi?"

"Mama Mwenyekiti, anamchezea nani?"

Wakati huohuo gari la Bwana Mutwiri lilikuwa linaingia. Alikuwa ameziona picha. Alishuka akiwa na mkebe wa mahindi, akautikisa mara moja, na korongo akaacha vifungo vya Gatwiri, akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa mtu asiyemjua. Bwana Mutwiri alimzungushia mkono, akamwinua kama anavyoinuliwa mwanakondoo. Ndege hakupapatika.

"Nilikwambia, madamu," alisema, bila ubaya wowote, na huo utulivu wake ulinichukiza kuliko kelele. "Si mimi niliyemharibu. Sasa niambie, utampeleka wapi?"

"Mweke chini."

"Kinamasini? Watoto wa kwanza watakaopita watamtia kwenye gunia."

"Nimesema mweke chini, Bwana Mutwiri. Mpaka nishindwe."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakupigia mwenyewe."

Alimweka chini. Ahadi ilikuwa imetolewa mbele ya mashahidi wengi, na sote tulijua Gatwiri si mtu wa kuvunja ahadi. Gari lilipoondoka, Njoki alikuwa amekaa kwenye jiwe, amejifunika uso kwa leso.

"Mungu wangu, nimemlisha kwa mkono huu. Tuambie cha kufanya, Mama Kendi. Tutafunga na kuomba."

"Kuomba ombeni. Lakini kesho mje na sufuria. Tupu. Na mifagio, na beseni za maji baridi. Na mje mmevaa leso zilezile."

"Za nini?"

"Anaijua sauti yenu, anazijua leso zenu, anaujua wimbo wenu. Mimi hanijui, anajua gunia. Nyinyi ndio mliomfundisha kupenda watu. Nyinyi ndio mtakaomfundisha kuwachukia."

"Nimfukuze mgonjwa niliyemlisha?" Njoki aliinuka. "Mimi? Mama Kendi, hata mbwa wa mtu sijawahi kumfukuza akila."

"Basi nenda ukamfungulie Bwana Mutwiri lango."

Walikuja. Nakumbuka walivyopanda ule mlima wakiwa kimya, sufuria zikiwa zimebebwa chini kama vitu vya aibu. Walisimama nusu duara, wakaimba wimbo wao na kupiga sufuria kwa miiko hadi ng'ombe wa majirani wakakata kamba. Korongo alitoka, akasikiliza, akafungua mabawa, na akaanza kucheza. Kadiri walivyopiga ndivyo alivyoruka juu zaidi. Alidhani ni sherehe. Mwanamke mmoja aliangua kicheko, mwingine akaangua kilio, na Gichovi, aliyekuwa ametumwa mbali, akapaza sauti kutoka nyuma ya migomba: "Mama Kendi, hiyo si vita, hiyo ni harusi!"

"Maji," Gatwiri alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Mama Mwenyekiti. Maji."

Njoki alilichukua beseni. Korongo alimwona, akamkimbilia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mkono wenye mahindi. Njoki alifumba macho na kumrushia maji yote usoni. Ndege alitoa mlio ambao hakuwa amewahi kuutoa tangu aletwe, akarudi nyuma, taji limelowa, akamtazama. Kisha akasogea tena hatua moja, kama anayedhani mwenzake amekosea.

"Tena," Gatwiri alisema. "Na ufagio. Na msiache kuimba."

Sijawahi kuona upendo ukifanya kazi ngumu kama ile. Walirudi siku baada ya siku. Waliimba wimbo wa kuwafariji wagonjwa huku wakimkimbiza mgonjwa kwa mifagio ya chelewa, na kila aliyemhurumia na kumwita kwa sauti laini alirudishwa nyumbani na Gatwiri bila kuonewa haya. Kijiji kilisema wanawake wa kanisa wamepagawa. Mtu mmoja msomi, ambaye sitamtaja, aliniuliza kama hakuna watoto wenye njaa Embu wa kushughulikiwa. Nilimuuliza ni wangapi kati yao amewalisha yeye. Alibadilisha mazungumzo.

Taratibu, korongo aliacha kucheza. Kisha akaacha kusogea. Kisha ikawa leso ikionekana tu kwenye kona ya ua, anakimbilia mwisho wa wavu unaozunguka kibanda na kusimama huko akitetemeka. Mzee Kivuti alileta habari kwamba dume limekuwa likija siku moja na kukosa siku nyingine. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya mlima.

Hapo Gatwiri aligundua lililobaki. Ndege alikuwa anaogopa leso, suruali, kofia, sauti ya mwanamume, sauti ya mtoto. Lakini gunia alikuwa bado analiendea. Lile gunia lililomlisha kwa fimbo, lisilokuwa na uso wala neno, ndilo kitu pekee duniani alichobaki akikiamini. Na mtu yeyote angeweza kuvaa gunia.

Alilivaa mchana mmoja, akaingia na beseni. Hakutuita, lakini Njoki na mimi tulikuwa uani, tukaona kupitia wavu. Korongo alimjia kwa mwendo wake wa taratibu, akainamisha kichwa mbele ya yale matundu ya macho. Gunia lilisimama tuli kwa kitambo. Kisha lilirusha maji, likashika ufagio, likamfukuza pembe hadi pembe, likipiga ardhi, mpaka ndege akajibana kwenye wavu na kufoka kwa hasira. Gatwiri alitoka, akalivua, akalitia katika moto wa jiko la nje.

"Sasa hana mtu," alisema. 

Tulimpeleka kinamasini alfajiri iliyofuata, ndani ya sanduku lililofunikwa. Mzee Kivuti alitangulia kutuonyesha mahali pakavu kati ya nduma. Akina mama walibaki nyuma ya kichaka wasionekane. Dume halikuwepo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na hakukuwa na mlio wowote.

Aliyekuwepo ni Bwana Mutwiri. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji, buti za mpira miguuni, mkebe wa mahindi mkononi. "Kinamasi si cha mtu, madamu," alisema. "Nimekuja kutazama tu. Akiniendea mwenyewe, utasema nimemwiba?"

Gatwiri alikuwa na haki ya kumfukuza na hakufanya hivyo. Nadhani alijua kwamba kama ndege angeshindwa leo mbele ya mtu mmoja, angeshindwa kesho mbele ya mwingine. Alifungua sanduku na kurudi nyuma.

Korongo alitoka, akajinyoosha, akasikiliza. Mbele yake palikuwa na kinamasi alichokuwa akitagia, kikiwa kimya. Bwana Mutwiri alitikisa mkebe.

"Kuja, mama. Kuja."

Kichwa kiligeuka. Mtu mwenyewe alimtia shaka, ila mkebe ulimvuta kuliko woga. Mahindi hayakuwa na uso, hayakuwa na leso, na hakuna siku tuliyomfundisha kuogopa mlio wa mkebe. Hilo hatukulifikiria hata mmoja wetu. Alipiga hatua kuelekea mfereji. Akapiga nyingine. Gatwiri alikuwa amefunga ngumi zote mbili, na hakuita, kwa kuwa sauti iliyomlisha ndege yule na kumfukuza haikuwa yake.

Ndipo Njoki alipotoka kichakani. Hakuwa na beseni wala ufagio. Alitembea wima katikati ya nduma na leso yake ya sare, akafungua kinywa, akaanza wimbo wa kuona wagonjwa, polepole na kwa sauti yake nzuri, kama alivyouimba siku ya kwanza.

Korongo aliruka kabla mstari wa kwanza haujaisha. Aliruka juu ya kichwa cha Bwana Mutwiri, mkebe ukaanguka mferejini, akapita juu ya matete, miguu yote miwili imenyooka nyuma yake, na hakuuona mkono wa Njoki uliokuwa umeanza kuinuka kumpungia.

"Usimpungie," Gatwiri alisema.

Njoki aliushusha. Akina mama wengine walitoka kichakani mmoja mmoja, wakaupokea wimbo, wakaupigia sufuria, wakaimba kwa nguvu zote upande ule alikopotelea, na kutoka mbali ndani ya ukungu, upande wa juu wa kinamasi, mlio wa dume ukajibu, na mwingine ukaujibu huo. Bwana Mutwiri alikuwa anautafuta mkebe wake kwenye tope. Hakuna aliyemsaidia.

"Mama Kendi," Njoki aliuliza, akipangusa macho, "anatuchukia kweli?"

"Kabisa."

"Hata mimi?"

"Wewe zaidi."

"Bwana asifiwe," Njoki alisema, akaokota sufuria yake, akaanza ubeti wa pili.